Taa Nne za Mbele

Jumamosi, 3 Januari

Asubuhi kwa fundi, mtaa wa Ghala. Bampa la zamani la gari yangu limeshatolewa, limelazwa sakafuni. La plastiki, limepasuka upande wa kushoto. Nilimwambia mke wangu Zuwena kuwa kuna mtu kanigonga kwenye maegesho. Uongo. Niligonga ukingo wa barabara mwenyewe, mtaani Hail, nikitoka kwa Baba. Jua ndiyo kwanza limezama. Sikuuona ule ukingo. Zuwena kaamini. Au kaamua kuamini.

Bampa jipya ni chuma kitupu. Watu wawili walilinyanyua kwa taabu. Bashir, fundi wangu, anasema springi za mbele zitalala kwa uzito, itabidi tutie ngumu zaidi. Nikamwambia atie. Kaniuliza nataka taa ngapi za ziada. Nne, nikasema.

Kacheka. "Arbab, bosi wangu, unakwenda jangwani au unakwenda kuvua dagaa?"

Na mie nikacheka. Sikuona cha kuchekesha.

Jumatatu, 5 Januari

Gari tayari. Taa mbili kubwa katikati ya bampa, mbili ndogo pembeni, waya zimepitishwa vizuri, swichi yake chini ya redio. Bashir kanionya nizifunike nikiwa barabara kuu, zinapofusha watu. Neno hilo sikulipenda.

Baada ya Magharibi nikazijaribu kwenye kiwanja kitupu nyuma ya gereji. Nikawasha. Mbele kukawa mchana. Kila kokoto naiona. Miezi sijaona hivi. Nilikaribia kulia.

Khalafu nikakata kona, Bashir akapiga ukelele. Nguzo ya umeme, ubavuni kabisa, mkono ungeigusa. Taa zilikuwa zinaangalia mbele, na macho yangu yanaangalia mbele tu. Ndivyo nionavyo siku hizi ikiingia jioni. Kama mtu anayechungulia kwenye bomba. Bashir alidhani nilikuwa nachezea swichi.

Nimerudi nyumbani Ghubra polepole.

Jumatano, 7 Januari

Zuwena kaizunguka gari yote. Mwisho kauliza, "Taa zote hizi, unatafuta nini?"

"Ngamia," nikamwambia.

Hakucheka. Anasema siku hizi nawakanyaga watu miguu, napita na kuangusha vikombe, kisha nakuwa mkali mie. Kataka nikapime sukari. Nikamjibu vibaya. Nilijuta hapo hapo. Sikumwambia.

Kaka yake, Harith, anataka twende tukalale mchangani, jangwani Bidiya, Ijumaa ya wiki ijayo. Yeye na mkewe Maryam, mie na Zuwena. Nikikataa itabidi niseme kwa nini. Nimekubali.

Jumamosi, 10 Januari

Hail, kwa Baba. Baba haoni kabisa. Macho yalimwondoka taratibu, alipokuwa na umri wangu. Zuwena kamsimulia habari za gari kwenye simu, basi akataka aiguse. Nikamshika mkono hadi nje. Kiganja chake kikaanza upande mmoja wa bampa, kikaenda, kikasimama kwenye kila taa.

"Nne?"

"Nne, Baba."

"Za nini?"

"Mchangani kuna kiza."

Mkono wake ukabaki kwenye kioo cha taa. Kisha akasema, "Mie nlibadilisha globu nyumba nzima. Mpaka chooni. Mamako akidhani nna wazimu. Weye umeanza lini?"

"Nimeanza nini, Baba?"

"Haya," akasema, akarudi ndani akipapasa ukuta. Alikataa nimshike.

Nimemdanganya mtu asiyeniona, na bado nilimgeuzia uso pembeni. Nna khofu. Sijawahi kuliandika neno hili.

Jumamosi, 17 Januari

Tumerudi. Zuwena ndiye aliyeendesha.

Jana Harith na Maryam walitangulia asubuhi kufunga mahema. Sisi tulitoka baada ya Sala ya Ijumaa, tukakuta msongamano njiani. Mpaka tumefika ukingoni mwa mchanga na kupunguza upepo wa matairi yasizame, jua limeshakwenda. Zuwena akasema tumpigie Harith aje atuchukue. Nikamwambia gari hii ina taa kuliko uwanja wa mpira. Nikawasha zote nne.

Kulikuwa na upepo. Mchanga ukiruka, na mwanga wote ukigonga vumbi na kunirudia. Ukuta mweupe. Taa hizo hizo nilizozitaka. Nikaona hema, nikalifuata hema. Zuwena akapiga ukelele, "Simama!" na akauvuta usukani. Nikasikia kitu kinavunjika.

Kiti cha Maryam na sanduku la barafu, vyote chini ya bampa. Maryam alikuwa amekaa pale. Kasema aliinuka kwa sababu taa zetu zilimuumiza macho, akahamia upande wa pili wa hema. Alikuwa akisimulia huku anacheka. Harith naye akacheka, akasema mguu umeniteleza kwenye breki kwa mchanga wa kwenye viatu. Nikawaacha waamini.

Nikaenda kuliangalia bampa. Hata mkwaruzo hakuna. Lile la plastiki lingepasuka, lingepinda, lingebonyea kidogo. Hili lisingebonyea hata kidogo. Nikaanza kukivuta kiti kutoka chini yake.

Zuwena alinifuata. "Hukukiona kile kiti?"

"Sikukiona."

"Uliona nini?"

"Hema. Hema tu."

Akakaa mchangani. "Tangu lini?"

"Mwaka wa pili huu."

Hakulia, hakunigombeza. Akanyoosha mkono. Nikampa funguo.

Jumatano, 21 Januari

Hospitali. Unaweka kidevu kwenye mashine, unabonyeza kitufe kila ukiona nukta ya mwanga. Nikasubiri nukta zianze. Nikasubiri sana. Kumbe zilikuwa zikipita.

Daktari, msichana mpole, aliniuliza habari za wazee wangu. Nikamtaja Baba. Akaitikia kwa kichwa kama aliyelijua jibu. Ugonjwa wa ukoo. Hakuna dawa ya kuyarudisha macho yaliyokwenda. Nisiendeshe tena. Nikamuuliza, hata mchana? Hata mchana.

Khalafu akauliza kama nna watoto. Mmoja, wa kike, nikasema. Amal. Anasomesha Salala.

"Naye apimwe," akasema.

Zuwena ndiye aliyeturudisha nyumbani.

Ijumaa, 23 Januari

Harith alikuja na mkewe kula mchana. Nikamwambia Harith kabla ya chakula, Maryam yuko jikoni na Zuwena. Alinisikiliza mpaka mwisho.

"Mke wangu alikuwa amekaa pale," akasema.

"Najua."

"Hapana. Ulijua kabla. Ulijua, ukawasha gari."

Akamwita Maryam, wakaondoka. Pilau imebaki kwenye sinia. Sikumfuata. Ningemfuata nimwambie nini? Kasema kweli.

Jumapili, 25 Januari

Zuwena kanipeleka kazini, siku ya kwanza ya wiki. Anaendesha akiwa ameushika usukani kwa nguvu, gari ni nzito, hajaizoea. Nilimkosoa mara tatu kabla hatujafika. Nimekuwa mtu wa kuchukiza.

Mchana nilimpigia Baba, nikamwambia. Nilidhani atasema alijua. Alisema, "Pole, mwanangu," sauti ikamkatika, akampa simu mtumishi.

Harith hajapiga simu.

Jumanne, 27 Januari

Nimempigia Amal baada ya Alasiri. Nilikuwa nimepanga maneno. Yote yakapotea, nikamwambia tu kama lilivyo.

Akauliza, "Na mie, Baba?"

"Sijui, mama. Ndiyo maana nimekupigia."

Nikasikia watoto wakicheza nyuma yake. Kisha akasema atakuja mwisho wa wiki, na niende naye, hataki kuingia peke yake kwenye chumba kile. Nikamwambia nitakuwapo.

Baadaye nikakaa uani. Hewa nzuri, baridi kidogo. Nikaangalia ukuta wa jirani ukipotea kizani, kisha mlango wetu. Pakaadhiniwa. Zuwena akaniita ndani, tusali.

Nikamwambia aje anishike mkono.

Akaja.