Nimebaki na Skrini, Boksi Nimeligawa

Mpendwa mshauri, naomba msaada maana nimeishiwa nguvu. Mimi ni fundi cherehani, mume wangu alikuwa mwalimu, alifariki mwaka jana, na kwenye kompyuta yake alikuwa amejirekodi akimsomea binti yetu hadithi, basi kila Jumapili tukimaliza kufua tunakaa wote wawili, binti anafungua rekodi, tunamtazama, mpaka siku moja binti akiwa peke yake skrini ikawa nyeusi tii, nami kwa uchungu nikamwambia, "Umemuua baba yako mara ya pili." Tangu hapo ananijibu "ndiyo mama" na "hapana mama", basi. Skrini niliifunga kwa shuka safi nikaiweka kabatini, na lile boksi la chini ya meza, ambalo nilijua ni la kupitishia umeme tu, aliliomba shemeji, mdogo wa marehemu, kwa ajili ya duka lake, nikampa, tena nikamshukuru kwa kunipunguzia vumbi. Juzi nimepeleka skrini kwa fundi, amebadilisha taa ya ndani, imewaka, lakini ni tupu, haina hata sura moja, nikalia mbele za watu. Shemeji naye anasema Jumatatu atalisafisha boksi aanze kulitumia, hilo halinihusu, nimekueleza tu. Mshauri, mume wangu amefutika?

Mjane wa Mwalimu

JIBU

Pole sana, mama. Sasa nikugombeze kidogo, na huyo fundi wako naye, aliyekubadilishia taa bila kukuuliza boksi liko wapi.

Skrini haihifadhi kitu. Inaonyesha tu inacholetewa na waya kutoka kwenye boksi. Boksi ndilo kompyuta yenyewe. Watu huliita CPU, ingawa CPU hasa ni kipande kidogo humo ndani kinachofanya hesabu zote. Humo humo mna diski, na diski ndiyo inayotunza picha na sauti hata umeme ukizimwa. Mume wako yuko dukani kwa shemeji.

Na shemeji akisema atalisafisha, hazungumzii vumbi. Anataka kufuta vyote vilivyomo. Mpigie leo, asiliwashe tena, alirudishe. Usione haya kudai ulichompa bila kujua. Likirudi, rekodi zinakiliwe mahali pawili. Kama ameshafuta, mafundi wengine huweza kuokoa kitu, ila hapo siwezi kukuahidi.

Lakini kabla ya simu, nenda chumbani kwa binti yako. Skrini ilizimika kwa sababu taa yake ilichoka, kama balbu ya sebuleni, na ingezimika hata ungekuwa umekaa wewe. Mtoto amefiwa na baba, halafu ukamtwika na kosa ambalo si lake, na hana hata wa kumlilia. Nimeumia kusoma. Mwambie, "Hukuharibu kitu, mwanangu. Mama nilikosea." Mwache alie mpaka amalize. Kisha mpe simu aongee yeye na baba yake mdogo, kwa sababu wewe hujui rekodi ziko wapi humo ndani, na yeye anajua.