Maman, hakuna aliyekulisha sumu

Maman,

Hii sijamwambia mutu: siku ile muganga wa kijiji cha Miti alikunywesha dawa ya kutapisha karuho, ile sumu inayoua polepole, mimi nilishika beseni, na nilijua hakuna aliyekutilia sumu kwenye chakula. Nilijua tumbo lako lilikatwa hospitalini Kinshasa, lifanywe dogo, upungue unene.

Papa mupaka leo anaamini ulienda Kinshasa kwa harusi ya rafiki. Mimi uliniambia kwa sababu ya karatasi za daktari, za Kifaransa. Nikakutafsiria: vitamini kila siku, sindano, maisha yote. Ukacheka. "Maisha yote? Kwani niko mugonjwa?" Ulizitumia mwaka mumoja, halafu ukaacha. Uliogopa Papa aone zile chupa.

Mwaka ule, kanisani, wamama walikuimbia: "Eh, Maman Aline, umekuwa mademoiselle, musichana kabisa!" Ukazunguka, nguo ikazunguka nawe. Kisha nywele zikabaki kwenye kitana. Miguu ikafa ganzi, ukaanguka kwenye ngazi. Hata mchuzi mwepesi ukautapika. Wamama walewale wakasema: karuho. Na kwa sababu Maman Nsimire, jirani yetu, ndiye alikuletea sambaza, wale samaki wadogo wa ziwa, kila jioni, wakasema ni yeye.

Kwa ile dawa ya muganga ulitapika siku mbili. Uliniangalia juu ya lile beseni, ukatikisa kichwa: nisiseme. Nikatii. Siku ya tatu ukafa. Kwenye kilio wakanisifu: mutoto mupole, hana maneno.

Maman Nsimire alileta sahani ya chakula pale kilioni. Shangazi yangu, Tanta Béa, akamwagia mbwa, wote wakasimama kumungojea afe. Mbwa akala, akalamba sahani, akaomba tena. Wakasema karuho haiui mbwa.

Tangu hapo wanatupa mawe kwenye mabati yake. Leo vijana wa avenue, mutaa wetu, wanataka kumutoa mu nyumba, yeye na watoto. Wanangoja mushahidi tu. Papa amesema: "Wewe ndiye ulikuwa hapa kila siku. Utasema ulimuona." Amenipa muda nivae.

Sijavaa. Nimetoa karatasi zako chini ya godoro, nimeziweka mezani kando ya barua hii. Nasikia viatu vyake mu corridor. Mkono wangu ulishafunika ukurasa, kwa mazoea. Nimeuondoa.

Lala, Maman. Nitamusomea yote, Kifaransa kwanza, kisha Kiswahili, pole pole, hata akinipiga.

Hata akikuchukia.

Aline