Mama Asikie Mawimbi

Waipuna Iti, 2 Desemba

Mwanangu Ngaire,

Hujambo? Mimi sijambo, ila goti linanisuta kila nikishuka kuokota kome. Nyumba imepwaya. Bado najisahau nakaanga mkate wa watu wawili. Wako anaula mbwa.

Ukoo ulikaa juzi. Wanataka makaburi yahamishiwe mlimani kabla bahari haijayafikia. Wote wamekubali, nimebaki mimi. Bwana mmoja wa halmashauri alikuja na ramani. Nikampa chai, akaondoka na ramani yake. Mama yako alipachagua pale mwenyewe, asikie mawimbi. Miaka tisa amelala kwa amani, leo nimfukue kwa sababu ya ramani?

Lakini wewe umekwenda kuchoronga chini ya barafu, mjue bahari itapanda hadi wapi. Ukiniambia wewe, nitamhamisha. Usinipigie ile simu yenu ya setilaiti. Mama yako hazungumzwi kwa dakika tatu, watu wakisubiri zamu nyuma yako. Andika, ndege italeta.

Ama kweli! Shimo la choo lilikushinda, ukaenda kuchimba mwisho wa dunia.

Baba yako

*

Kambini, Antaktika, 19 Desemba

Baba yangu,

Shikamoo. Goti lipake mafuta, acha kujifanya kijana. Mimi mzima.

Kazi inatutoa jasho kwenye baridi. Tunayeyusha barafu kwa maji ya moto mpaka tutoboe chini, halafu tunashusha bomba kuchukua tope lililolala chini yake. Tope lile halisahau. Likionyesha kwamba zamani, dunia ilipokuwa na joto kama hili linalokuja, hapa palikuwa bahari wazi, basi barafu hii itayeyuka tena, na maji yake yatafika kwetu. Shida ni kwamba shimo likiachwa kidogo tu linaganda. Limeshatumezea bomba moja. Tumeanza upya.

Baba, huku hakuna ndege wa angani, hakuna harufu ya kitu chochote. Jana nilinusa zile soksi ulizonipa, nikakuta moshi wa jiko letu, nikalia. Wenzangu wakadhani ni mafua.

Jibu lako sina bado, na sitaki kukudanganya. Ila siku ikifika, usimwinue bila mimi. Yeye ndiye aliyekuwa akiwaita wafu wa ukoo, kwa ule wito wa kuwaongoza hadi kaburini, na sauti ile alinifundisha mimi. Nani mwingine wa kumwita?

Mwanao

*

Waipuna Iti, 3 Januari

Mwanangu,

Salamu nyingi. Viazi vimeshika, mbwa kanenepa kwa mkate wako.

Uzio wa makaburi umekwenda na maji, na jiwe la babu yako lilianguka kifudifudi, naye wamemhamisha. Shangazi yako Pikihuia alinifokea mbele za watu: "Tamati, unamngoja mtoto au unawangoja samaki?" Nikamjibu, nimeshaahidi. Binti atakuja, atamwita mama yake. Wengine wameshawahamisha watu wao. Mke wangu amebaki peke yake pale chini, nami nashuka kila jioni kukaa naye.

Sema basi, mwanangu. Hata kama ni baya.

Baba yako

*

Kambini, 16 Januari

Baba yangu,

Shikamoo. Tumelipata tope. Bomba lilipanda, watu wakapiga kelele. Ndani yake mna vipande vya kome, Baba, kome kama wa kwetu, hapa ambapo leo hata mwanga haufiki. Wataalamu watapima miaka mingi, barafu iliyeyuka lini na kwa kasi gani. Mimi nimeshaona vya kutosha. Mhamishe Mama.

Lakini ningoje. Ndege ilikuwa itutoe leo, upepo umeizuia, na barua hii itasafiri pamoja nami. Nimekuwa nikienda mbali na mahema kujaribu ile sauti. Huku inatoka tu, hairudi. Ikirudi kutoka mlima wa kwetu nitajua nimefika.

Mwanao

*

Waipuna Iti, 17 Januari

Mwanangu Ngaire,

Natumai u mzima. Barua yako bado sijaiona.

Bahari ilipanda jana na dhoruba, ikala ukingo hadi miguuni mwa mama yako. Sikuwa na jibu lako, wala nafasi ya kulingoja. Tulimwinua mvua ikinyesha, mimi na binamu zako, tope magotini. Nisamehe.

Shangazi yako ndiye aliyeita. Akaita vizuri, ila sauti ilimkatika njiani, akasema, "Si mimi wa kumwita huyu." Mlimani tulikuachia nafasi yako kichwani pa kaburi. Binamu yako alitaka kusimama pale, nikamkatalia. Tukazika, tukanawa mikono, tukashuka, na pale hapakusimama mtu.

Kule juu mawimbi hayasikiki. Nimekaa asubuhi nzima nikitega sikio.

Baba yako