Mgonjwa Abaki Nyumbani

Jumatatu, 4 Novemba 2024

Leo nimekabidhiwa sentensi. Moja tu! Mkurugenzi Hilaire ametugawia mapendekezo ya mkutano kama mtu anayekata keki: mwenzangu Siebe kapewa hewa na madirisha ya shule, mimi nimepewa ugonjwa kazini. Miaka miwili ya utafiti, safari za treni nisizozikumbuka tena, mahojiano na wahudumu wa nyumba za wazee, wakata nyama wa viwandani, madereva wa mabasi — na kilichobaki mkononi ni hiki: "Kila anayefanya kazi akiugua, abaki nyumbani na alipwe kama kawaida."

Naipenda. Hata bibi yangu angeielewa, naye alikuwa haelewi kitu chochote kilichotoka serikalini.

Hilaire kaisoma, kavua miwani, kasema ni nzuri ila iko uchi kidogo. Itabidi ivishwe nguo kabla wajumbe wa nchi zote hawajaja hapa Gent tarehe ishirini na moja. Halafu, keshashika kitasa cha mlango, kaongeza kwamba ile nafasi ya kudumu itaamuliwa baada ya mkutano. Ni mimi au Siebe. Atakayesimama vizuri mbele ya watu wa Brussels, wakubwa wa Umoja wa Ulaya.

Nina miaka arobaini na mbili. Tangu nimalize masomo nimeishi kwa mikataba mifupi, huyu akinitupa huyu akiniokota. Naitaka nafasi hiyo sana.

Jumatano, 6 Novemba

Shida ya Siebe ni kwamba ni mtu mwema. Ningempata mshindani mwenye roho mbaya ningelala vizuri. Leo kaniletea supu ya malenge aliyopika mkewe, kwenye chupa ya chai. Kakaa mezani kwangu kaniuliza kama naogopa. Nikasema hapana. Yeye kasema anaogopa sana. Sasa hapo utamchukia vipi?

Projekta ya ukumbi mdogo imepata stuli: maboksi ya barakoa yaliyobaki tangu wakati ule wa korona. Yamepangwa matatu, yanatosha kimo. Kila taasisi ina namna yake ya kujiandaa.

Alhamisi, 14 Novemba

Kikao cha kuivisha sentensi nguo. Muda wa saa nne nzima kwenye kompyuta, nyuso ishirini na kitu kwenye vijidirisha, nusu yao wanakula mkate.

Bwana Ottokar, mwanasheria wa wajumbe, ana sauti ya upole ya mtu anayekung'oa jino. "Alipwe" haikumpendeza. Ikawa "apate msaada unaofaa". Mwingine akasema "abaki nyumbani" inasikika kama amri, na watu wamechoka na amri. Ikawa "ahimizwe kubaki nyumbani". Mwingine: "pale inapowezekana". Hilo halikujadiliwa hata kidogo. "Pale inapowezekana" siku hizi ni kama chumvi, hutiwa katika kila chungu bila kuonja.

Mwisho Ottokar kasema: "Bi Tinne, hii 'kila anayefanya kazi' ni pana mno. Je, mtu anayekata nyasi za jirani yake? Tuseme 'mwajiriwa'." Nilikuwa nimechoka. Nilikuwa na njaa. Hilaire alikuwa ananitazama kwa yale macho ya *malizana naye bwana*. Nikasema sawa, nikaliandika mwenyewe, kila mtu akaona likiandikwa. Siebe kanitumia ujumbe pembeni: hongera, umetoka hai.

Sasa inasomeka hivi: "Mwajiriwa anapougua ahimizwe, pale inapowezekana, kubaki nyumbani, huku akipata msaada unaofaa." Nimemsomea mama kwenye simu. Kaniuliza: "Sasa mgonjwa afanye nini?"

Jumatatu, 18 Novemba

Godelieve kaja!

Yeye ndiye aliyenifundisha kazi hii. Kastaafu, na mwaka jana kawekewa figo ya dada yake. Anakunywa dawa za kuuzuia mwili usiikatae hiyo figo, kwa hiyo kinga yake ni ya kubahatisha. Mafua ya mtoto wa chekechea yanaweza kumlaza hospitali. Hata hivyo kakubali kuongoza kikao changu siku ya mkutano. Najua ni yeye aliyemwambia Hilaire mwanzoni kwamba nafasi ile ni yangu. Hakuniambia, ila Hilaire hajui kutunza siri za kumsifu mtu mwingine.

Kaingia kajifunga skafu kubwa, sauti ya kukwaruza, kasema ni baridi ya stesheni. Nikampa mkono. Kausukuma pembeni. "Tinne, mwanangu, miaka miwili tulisalimiana kwa viwiko kama kuku. Nimechoka." Akanibusu shavuni. Kambusu Siebe, kambusu Hilaire, kambusu hata fundi aliyekuja kutazama redieta. Tukacheka wote. Nilifurahi, nakiri. Ofisi ilikuwa na baridi kama kaburi tangu wiki iliyopita, akaipasha joto mwanamke mmoja mwenye figo ya kuazima.

Hakukaa sana. Kasema kachoka.

Jumatano, 20 Novemba

Naumwa.

Koo linawaka, mgongo kama nimepigwa na mtu anayenidai. Homa. Asubuhi nilipotia kahawa mdomoni sikusikia ladha yoyote, nikajua.

Nimeenda Taasisi kutafuta kipimo, nimevaa barakoa, nikapita nyuma kama mwizi. Kabati zima! Vipimo vya kutosha mtaa, vyote vimeisha muda tangu mwaka jana. Sisi ndio tuliowaandikia wananchi waangalie tarehe kwenye boksi. Nimejipima hivyo hivyo chooni. Mstari wa pili ukajitokeza, hafifu lakini ukakaa pale.

Nimempigia Hilaire. Kwanza kacheka, akidhani namtania. Kisha kauliza kama nimepima. Nikamweleza kila kitu, pamoja na tarehe ya kipimo. Halafu sauti ikachangamka: "Basi kisayansi huna jibu."

"Mkurugenzi, mstari upo."

"Mstari wa kipimo kilichokufa. Usinichekeshe, Tinne. Kesho wanakuja watu wa Brussels."

Nikamkumbusha pendekezo letu wenyewe. Linasema mgonjwa abaki nyumbani.

"Linasema mwajiriwa. Wewe ni mshauri wa nje, unatuletea ankara. Mimi sikulazimishi, siwezi hata nikitaka. Ukibaki nyumbani, Siebe atakusomea. Anaijua vizuri."

Anaijua vizuri! Nimekaa na simu mkononi nisijue nicheke au nilie, nikafanya yote mawili, na kukohoa juu yake. Neno lile nililiandika kwa vidole vyangu wiki iliyopita, kwa sababu ya njaa. Mwiba wa kujichoma hauambiwi pole.

Saa nzima nimejidanganya kwa utaalamu. Ukumbi ni mkubwa. Nitakaa mbali. Nitavaa barakoa. Watu wote hawa wamechanjwa. Hesabu ilipofika kwa Godelieve nikakwama. Kiti chake kiko jirani na changu, jukwaani, na kwake hakuna hesabu inayokaa sawa. Nimempigia simu. Haikupokelewa. Ningeweza kumwachia ujumbe: usije, au nisije mimi. Sikumwachia. Naona aibu kuandika hili, lakini nikianza kuidanganya na shajara nitakuwa nimekwisha kabisa. Sikumwachia kwa sababu niliona kiti cha kudumu chenye jina langu.

Miaka miwili nimewauliza wakata nyama: kwa nini ulikwenda kazini na homa? Wananitazama kama mtoto. Mmoja alinijibu, "Dada, wewe ungefanyaje?" Nikaandika chini yake: *mshiriki hakujibu swali*.

Alhamisi, 21 Novemba. Asubuhi

Nimemeza vidonge, homa imeshuka. Nimekuja. Nimevaa barakoa.

Mlangoni bango kubwa: ULAYA ILIYO TAYARI. Hilaire kanipokea akiwa amesimama mbali kidogo, si mjinga. Kasema kwa tabasamu la mbele ya wageni: "Hicho kitambaa ukivue kabla hujapanda. Utawatisha." Nikasema sitavua. Kasema basi watu watauliza. Nikasema waulize. Hapo nilijiona shujaa kwa kama dakika moja, kisha nikakumbuka kwamba shujaa angekuwa kitandani.

Bwana Ottokar kaja kunipongeza kwa sentensi. Kasema ni mfano wa maelewano. Mkono wake nimeukwepa kwa kujifanya natafuta kalamu. Huku nyuma Siebe anarudia kusoma karatasi yangu kimya kimya, midomo ikicheza. Kaniambia hiyo ni tahadhari tu. Namwamini, na ndiyo inayoniudhi.

Nimeamua. Godelieve akitokea tu namwambia, nafasi iende inakotaka.

Baadaye, korido ya nyuma ya ukumbi

Kikao kinaanza sasa hivi. Naandika kwa sababu kuandika ndiyo dawa pekee ninayoijua. Mtafiti hasa! Mwenzangu hapumui vizuri, mimi nachukua kumbukumbu.

Nilimkuta Godelieve hapa kwenye benchi, peke yake, koti halijafunguliwa. Kainuka anibusu. Nikarudi nyuma, nikanyoosha mkono mbele, nikasema haraka kabla sijabadili nia: "Profesa, usinisogelee. Naumwa. Nadhani ni yenyewe."

Hakushtuka. Kakaa tena, polepole, kashika ukingo wa benchi.

"Najua, mwanangu. Nimekuambukiza mimi."

Nikadhani anaweweseka.

"Tangu Jumapili," kasema. "Daktari wangu nimemficha, angenifungia ndani. Ningekuwa kitandani, huyu Hilaire angempa kiti changu rafiki yake wa Brussels, na rafiki yake hakutaki. Hukujua? Mwenyekiti wa kikao ana kura kuhusu ile nafasi, na kura yangu ndiyo inayokubeba." Kakohoa kwa muda mrefu. "Kwa hiyo nikaja."

Kaja kwa ajili yangu. Na jana nilikuwa tayari kukaa jirani naye na homa yangu kwa ajili ya nafasi hiyo hiyo. Kama si barakoa angeuona uso wangu, sijui ulikuwaje.

Nimemwambia twende hospitali sasa hivi. Kasema baadaye, akishafungua kikao, akishanikaribisha niseme, nikishasoma. Kidogo tu. Anaongea maneno mawili, anavuta pumzi, maneno mawili. Midomo yake si rangi yake, inaelekea buluu. Nimefanya kazi hii muda wa kutosha kujua midomo ile inasema nini.

Nimetoa simu nipige gari la wagonjwa. Likija litakuja na kelele zake hadi mlangoni, kikao kitavunjika, daktari atauliza tangu lini, na Hilaire atajua mambo yote. Godelieve hataweza kunipigia kura tena. Mimi sitasimama popote.

Ndani nasikia kipaza sauti. Hilaire anawaambia wageni kwamba kikao kijacho kinahusu jambo linalomgusa kila mmoja wetu, na kwamba mwenyekiti na mtafiti wake wanaingia sasa hivi. Wameanza kupiga makofi. Siebe kachungulia mlangoni, katuona, uso umembadilika. Anasubiri niseme mimi.

Godelieve kaweka kiganja juu ya simu yangu, hapa kwenye benchi. Kiganja kinawaka moto. "Ingia," kasema.

Ni kiganja chepesi. Naweza kukiondoa kwa kidole kimoja.