Msumari Hatoki, Dada

Karakana ya Seremala,
Nyumba ya kona, nyuma ya kituo cha mafuta.

Jumapili, tarehe 14, mwezi wa sita.

Mpendwa Dada,

Shikamoo. Natumaini barua hii itakukuta umekaa kwenye kile kiti chako cha dirishani, miguu imepungua kuvimba na shemeji hajakuudhi tangu asubuhi. Vipi presha? Dawa unazimeza, au unazipanga tu mezani kama mapambo? Wifi yako ameniagiza nikuulize kwa maneno hayohayo, kwa hiyo kwa hilo usinikasirikie mimi. Utanikasirikia kwa mengine huko mbele.

Sisi hatujambo. Mgongo wangu ni uleule, nikiinama unalalamika, nikiinuka unalalamika. Wifi yako bado yuko kwenye jiko la shule, anapika sufuria ambazo mtu anaweza kuogea ndani. Binti yetu amehamishiwa duka la dawa la karibu na nyumbani, siku hizi anarudi mapema na anamaliza chakula chetu chote.

Sasa nije kwenye barua yako. Nimeisoma mara tatu. Mara ya kwanza nilisimama, mara ya pili nikakaa, mara ya tatu nikampa wifi yako anisomee, nikidhani labda macho yangu yananidanganya. Hayakunidanganya. Umeandika kwamba maadamu mbwa yule yumo nyumbani kwangu, wewe hukanyagi hapa, na kwamba nichague.

Dada, tangu mama alipokukabidhi mkono wangu nikiwa na miaka sita, sijawahi kukujibu hapana. Ulisema niache kujifunza umakanika nishike useremala, nikaacha. Ulisema yule wa kwanza nisimwoe, sikumwoa, na nilikuwa nampenda. Safari hii jibu ni hapana. Msumari hatoki.

Najua tulikofikia tumefikaje. Ni neno moja tu lililotuponza. Baada ya upasuaji wa Msumari, daktari wa wanyama, mwanamke mfupi mwenye sauti ya askari, aliandika kwenye karatasi: "Apumzishwe wiki sita." Wifi yako alikuwa na mikono iliyojaa unga, akatuma ujumbe kwa ukoo mzima: "Daktari amesema Msumari apumzishwe." Akaishia hapo. Haikupita nusu saa, simu yangu ikaanza kuita. Shemeji ananipa pole. Mpwa wangu mkubwa anauliza nimemzika wapi. Vanishi, yule anayenipigia rangi fanicha, alikuja karakana na kofia yake mkononi, uso mrefu, akanikuta nimepiga magoti namlisha marehemu mchuzi kwa kijiko.

Na wewe ulinipigia ukanisifu. "Umefanya la maana, mdogo wangu. Yeye amepumzika na wewe umepumzika." Mimi nikajibu asante sana Dada, nikidhani unaisifu ile likizo yake ya wiki sita. Ukaenda ukawatangazia watu kwamba hatimaye nimekuwa mtu mzima. Kisha yule fundi bomba aliyetoka huku akaja kukwambia mbele ya wageni kwamba marehemu kamwona kwa macho yake, anabweka. Kwa aibu ile nakuomba radhi. Kwa mbwa kuwa hai, radhi siombi.

Unauliza ni mbwa gani huyo wa kupigiwa magoti. Ni mbwa aliyevunjwa paja la nyuma, la kushoto, na lori la mbao lililokuwa linaingia uani kinyumenyume. Daktari aliufungua mguu, akauunga mfupa kwa bamba la chuma na skrubu saba. Vanishi anasema siku hizi Msumari ana vyuma vingi kuliko kabati ninazouza, na anaomba dhamana ya miaka miwili.

Kazi ya kumuuguza si ndogo, sikufichi. Nimemtengenezea kizimba cha msonobari, kifupi kwa juu asipate nafasi ya kuruka, na kila ukingo nimeupiga msasa mpaka unaweza kupitisha shavu usikwaruzwe. Sakafu ya karakana inateleza kwa unga wa mbao, kwa hiyo nimetandika vipande vya mpira kutoka kizimbani mpaka mlangoni. Ili asiulambe mshono, nilikata kitako cha ndoo nikamvisha shingoni. Akitaka kwenda haja, nampitishia taulo chini ya tumbo, nashika ncha zote mbili, tunatoka hivyo taratibu. Muuza magazeti wa pale kona ananipigia kelele kila siku: "Mzee, mkoba wako una mkia!" Namwacha aseme, kwa sababu kweli anafanana na mkoba.

Vidonge anavificha shavuni, anakutazama kwa macho ya huruma, ukigeuka anavitema. Asubuhi na jioni namlaza ubavu, naukunja mguu na kuunyoosha mara kumi, polepole, maana daktari alisema goti lisipokunjwa litakauka. Siku za mwanzo alikuwa ananiuma mkono. Si kuuma kwa nguvu, anaubana tu kwa meno na kunitazama, kama anayeniuliza kama nina uhakika na ninachokifanya. Sikuwa na uhakika, lakini niliendelea.

Umesema watu wananicheka, kwamba nimezeeka vibaya, fundi mzima nafunga karakana saa nne asubuhi kwenda kumzungusha mbwa. Wanacheka kweli. Wengine wanasema nimevaa miwani ya mbao. Dada, mimi ni seremala. Miwani hiyo nimejichongea mwenyewe, nikaipiga vanishi mara mbili, na inanikaa vizuri.

Mteja mmoja alikuja wiki ya pili, akataka nimfungulie vibano vya meza yake siku ileile niliyoitia gundi, eti ana wageni. Nilimwambia akatafute fundi mwingine, na meza aiache. Unanijua. Kilichotiwa gundi hakiguswi mpaka kishike, hata aje nani mlangoni. Sasa wewe unataka nikifungue kibano cha wiki sita kwa sababu ukoo umeona haya?

Wiki ya nne ndiyo iliyonitoa jasho. Nyuzi zilikuwa zimetolewa, kidonda kimefunga vizuri, lakini mguu hataki kuukanyagia. Anaubeba tu, umekunjwa, paja limenywea likawa nusu ya lile jingine. Daktari hakuzunguka mbuyu. Alisema, "Mzee, wiki ya sita ikifika hajaukanyagia, tutaongea habari ya kuukata." Nilirudi nyumbani nikakaa chini kando ya kizimba, sikupiga randa siku nzima. Wifi yako aliniletea chai, akaketi kando yangu kwenye rundo la maranda.

Sasa nakwambia jambo ambalo hata yeye sijamwambia. Katika ukoo mzima wewe ndiye wa kwanza, na nakuambia kwa sababu umetaka nichague, basi ujue unanichagulisha nini.

Siku ile ya lori, mimi ndiye niliyekuwa namwelekeza dereva. Nilisimama nyuma, napigapiga ubavu wa lori kwa kiganja, napaza sauti kama tunavyofanya siku zote: "Njoo! Njoo! Njoo!" Msumari alikuwa amelala kivulini, mbali kabisa, pale kwenye ngazi. Hana elimu kubwa yule. Katika maneno yote ya binadamu, hilo ndilo analolijua vizuri, na mimi ndiye niliyemfundisha, kwa mifupa, tangu akiwa anaenea kwenye sanduku la misumari. Akasikia naita. Akainuka, mkia unacheza, akakatiza nyuma ya gurudumu anifikie. Alikuwa ananitii, Dada.

Niliwaambia watu kwamba mbwa ni mtundu, alijipeleka mwenyewe. Hata dereva nilimwacha aondoke akijilaumu. Jana nimemtafuta nikamwambia ukweli, akaniuliza mbwa anaendeleaje.

Tangu siku ile neno lile lilinikwama. Sikuweza kumwambia. Nikimtaka, napiga mluzi, au nagonga ubao, au namfuata mwenyewe alipo. Lori likija uani, namwachia Vanishi alielekeze.

Alhamisi ilikuwa wiki ya sita. Walimpiga picha, daktari akaitundika kwenye taa, akanionyesha: mfupa umeshika, mstari mweupe umepita pale palipokuwa na ufa. Nikashukuru Mungu. Lakini akasema mfupa kushika ni jambo moja, na mbwa kuukubali mguu wake ni jambo jingine. Akamweka mwisho wa ukumbi wa kungojea, mimi akaniweka upande wa pili, karibu na watu waliopakata paka zao kwenye vikapu. Akasema, "Mwite."

Nikapiga mluzi. Msumari akakaa kitako. Nikagonga benchi kwa vidole. Akapiga miayo.

"Mwite kama unavyomwita siku zote, Mzee."

"Ndivyo ninavyomwita."

"Huyu haijui hiyo. Mwite kwa neno."

Nilipiga moyo konde, Dada. Nikasema, "Njoo." Sauti ilitoka ndogo, sidhani hata wenye paka waliisikia. Yeye aliisikia. Masikio yakasimama. Mtu mwenye akili kama zetu, aliyeitwa kwa neno lile akavunjwa paja, angegoma hapohapo, na asingekuwa na kosa. Yeye aliinuka akaja. Hatua mbili za kwanza kwa miguu mitatu. Ya tatu akaushusha ule mguu, akauinua haraka kana kwamba sakafu ni ya moto, akaushusha tena. Akaja nao hivyohivyo, anachechemea, anateleza kidogo, mpaka akagonga kichwa chake kwenye magoti yangu. Nililia mbele za watu, mzee mzima, na sikuinamisha uso.

Daktari anasema mguu haukatwi. Atachechemea maisha yake yote, na siku za baridi utamuuma. Nimemwambia hata mimi mgongo unaniuma siku za baridi, tutauguzana.

Basi, hivyo ndivyo mambo yalivyo. Mara ya kwanza nilimwita akaja, akavunjika. Mara ya pili nimemwita, akaja tena kwa mguu uleule. Wewe unataka mara ya tatu nimwambie neno "toka". Silisemi. Hata ukinuna mwaka mzima, hata ukoo ukikaa kikao, kinywa changu hakitalitoa.

Msalimie sana shemeji, mwambie pole zake za msiba nimezirudisha zote, azitunze, wengine watazihitaji. Wasalimie wapwa zangu, na yule mkubwa mwambie kaburi analolitafuta linakula nyama kuliko yeye. Wifi yako na binti wanakusalimu, Vanishi naye anakupa heshima zake. Mungu akutunze, akupunguzie presha na hasira pamoja, akuongezee miaka ya kunigombeza.

Na mlango wangu sikuufunga, Dada. Ulisema hukanyagi, lakini mimi bado ni yule uliyemshika mkono, na kama umenikosa mimi nimekukosa zaidi. Sina maneno mengi ya kukubembeleza. Ninalo hilo moja tu, na sasa nimeweza tena kulisema.

Njoo.

Wako akupendaye, hata pale anapokukatalia,
Mdogo wako, Seremala.