Kibao cha Dirishani

Mama yangu mpenzi,

Shikamoo. Natumaini barua hii inakukuta mzima, na kwamba goti limeacha vituko vyake. Mimi sijambo, nakula vizuri, na kile kikohozi kilichokukosesha usingizi kimekwisha. Cherehani inaendeleaje? Usimwite tena yule fundi wa jirani. Kila akiigusa huiachia ugonjwa mpya.

Kwenye simu uliniuliza kazi yangu hasa ni nini, nikakujibu juu juu. Leo nitakueleza, maana usipoielewa kazi hutalielewa jambo linalonifanya niandike. Tunatengeneza vibao vya sola. Juu ya kioo tunapaka utando mwembamba mweusi unaoitwa perovskaiti. Wengine huchanganya humo viungo vyenye kaboni, na joto la paa huviharibu. Wetu ni wa madini matupu: sesiamu, risasi na iodini. Joto haulijali. Adui yake ni unyevu. Hewa ya mvua ikiingia tu, ule weusi unageuka manjano, na kibao cha manjano hakiwashi hata balbu ya tochi. Ukikichoma tena kwenye jiko letu la umeme kinarudi kuwa cheusi, lakini nani atapanda juu ya paa kila asubuhi kuchoma sola yake?

Mwaka huu nilibuni dawa ya kupaka juu ya utando ili kuzuia unyevu. Mkuu wa maabara akaamuru kibao changu kikae dirishani msimu mzima wa mvua bila kuguswa na mtu. Kikibaki cheusi, kazi yangu itaendelea, na mkataba wangu pia. Kikabaki cheusi, Mama! Mvua ilinyesha mpaka kuta zikaota ukungu, kibao kiko vilevile. Ndipo nilipokupigia simu nikipiga kelele kama kichaa, nawe ukaanza kukata kitambaa cha gauni langu la harusi, ukisema heri zimekuja mbili kwa mpigo.

Mchumba wangu unamjua kwa picha tu. Hapa kazini tunamwita Bwana Tanuri, kwa kuwa majiko yote ya maabara yako chini yake. Ni mpole, mcheshi, huniletea chai bila kuombwa. Ulipoiona ile picha ulisema kwa masikio yale atakusikia hata ukimwita kwa kunong'ona. Nilicheka mpaka machozi yakanitoka.

Wiki iliyopita nilikitoa kibao dirishani nikipime. Pembeni nilikuwa nimebandika kijikaratasi chenye namba ya kibao hicho. Nilikikuta kimejikunja na kuungua kingo. Jua la dirishani haliunguzi karatasi. Jiko ndilo linalounguza.

Sikuhitaji kuzunguka kuulizia. Nilimuuliza Bwana Tanuri jioni hiyohiyo, naye hakukana. Alisema kibao kilianza kugeuka manjano tangu mvua za kwanza, akaniona ninavyokonda kwa wasiwasi, akawa anakichoma asubuhi kabla sijafika. Alisema alifanya hivyo kwa kunipenda. Namwamini, na ndiyo maana inaniuma zaidi.

Kesho yake nilimweleza mkuu kwamba kibao kimechomwa na vipimo vyote vifutwe. Akatukusanya, akauliza ni nani aliyefanya hivyo. Bwana Tanuri alikuwa amesimama ubavuni kwangu. Alinyamaza. Mkuu akanigeukia mimi, na mimi, Mama, uliyenifundisha kusema kweli kwa kofi na kwa kubembeleza, nikasema sijui. Alinisikia nikidanganya kwa ajili yake, akaendelea kutazama viatu vyake. Mkuu amenipa msimu mmoja mwingine wa mvua, kisha basi.

Wiki ijayo Bwana Tanuri anakuja kukuamkia. Aliomba, nikamkubalia. Hajui kwamba nimekuandikia. Akisharudi nitakwenda kwa mkuu kusema nilichoficha, liwalo na liwe. Lakini kwanza mkaribishe, mpe kiti kizuri, cheka naye. Usimuulize chochote. Akikueleza mwenyewe habari za kibao, malizia mikono ya gauni. Akinyamaza, kitambaa kisipotee bure, mshonee dada.

Msalimie dada sana, yeye na wanawe, ila habari hizi usimwambie kwanza, tena usimpime kiuno kabla mgeni hajaondoka.

Ni mimi,
kitindamimba wako