Nikisema Naumwa, Nitamfukua Kaka

Mpendwa Mama Fausta, shikamoo. Naomba unisaidie kabla shule hazijafunguliwa, mimi ni msichana wa kidato cha pili huku Handeni na nina seli mundu, ule ugonjwa wa damu wa kuzaliwa nao, kaka yangu Hussein alikuwa nao pia na sasa ni marehemu, na tulipopimwa mama alituonya hilo libaki ndani ya nyumba, maana ndugu za baba, ambaye hatuishi naye, walishaanza kusema damu ya kwao mama ni mbovu.

Kaka ndiye aliyekuwa anaimbisha mchakamchaka, shule nzima inakimbia yeye yuko pembeni anatoa wimbo, hata akina mama waliokuwa wanakwenda kupalilia mihogo walikuwa wanaitikia. Mwaka jana asubuhi moja aliamka viungo vinamuuma, akaenda hivyo hivyo, akaimbisha, akaanguka karibu na goli, akapelekwa hospitali na hakurudi. Msibani mama aliwaambia watu ni malaria imempanda kichwani. Mwalimu wetu wa michezo, mwalimu Deogratius, alikaa nje na wanaume analia, anasema, "Nilimwona amechoka, nikamwacha akimbie," na mpaka leo anaamini ni yeye aliyemuua.

Tangu hapo hatuimbi, tunakimbia kimyakimya, na kabla ya kuanza mwalimu anasimama mbele anauliza, "Nani leo mwili umemkatalia? Anyooshe mkono, hapa hachekwi mtu." Na kweli hachekwi, anayenyoosha anapewa maji anakaa kivulini, lakini mimi sinyooshi, nakimbia huku magoti yanauma kama yanapigwa nyundo, kwa sababu ataniuliza naumwa nini, na nikimjibu atajua Hussein naye alikuwa nao, na watu watajua mama alijua. Muhula uliopita nilianguka nikasema nimejikwaa. Nilipomwambia mama nataka kusema, alikaa chini akaniambia, "Ukisema shuleni, umemfukua kaka yako." Halafu akalia, na hata msibani sikumwona akilia. Sitaki kumwaibisha mama yangu, ila naogopa kufa. Nifanye nini?

Shamsia (majina yote nimebadilisha)

Mama Fausta anajibu:

Marahaba, mwanangu. Pole kwa kufiwa na kaka. Barua yako nimeisoma nikaiweka, nikaenda kusimama mlangoni kwanza, kisha nikarudi na hasira.

Ati umejikwaa! Mtu anakuuliza kila asubuhi kwa upole, na wewe unamdanganya. Mficha maradhi, kifo humuumbua, na kwenu kimeshapita mara moja. Mama yako ana kidonda, simgombezi sana, lakini neno lake si la kweli. Ukisema hakuna anayefukuliwa. Ukinyamaza kuna anayechimbiwa kaburi, na huyo ni wewe.

Usiende kusema shuleni bila yeye kujua. Mpe gazeti hili asome.

Mama Shamsia, ugonjwa huu mtoto huurithi kwa baba na kwa mama, wote wawili. Mawifi wakisema damu ya kwenu mbovu, waambie nusu imetoka kwao. Hukumuua Hussein. Ulimficha kwa kuogopa midomo ya watu, hapo ulikosea, na midomo hiyo haikukusaidia kumzika. Jifunge kanga, mpeleke binti kliniki, mwulizeni daktari mazoezi gani anayaweza na yapi hayawezi. Kisha nendeni wote wawili kwa mwalimu, na wewe ndiye uanze kusema, usimwachie mtoto. Yule baba wa watu amebeba lawama isiyo yake mwaka mzima. Mtueni.

Shamsia, dawa ulizoandikiwa usiziruke. Kunywa maji mengi, jikinge na baridi, pumzika kabla hujachoka. Ukipata homa au kifua kikakuuma, ni hospitali siku hiyo hiyo, hata kama kuna mtihani. Na usidhani kukaa kivulini ni kujitenga na wenzako. Shule zenye mwalimu wa kuuliza hivyo si nyingi, nami namshukuru bila kumjua.

Shule zikifunguliwa, akiuliza nani mwili umemkatalia, nyoosha mkono. Kaa, kunywa maji yako. Halafu umwombe ruhusa uwaimbishie wenzako kutoka hapo kivulini. Wimbo hauhitaji magoti, mwanangu. Wewe toa sauti, wao watakimbia.